Bomba Lenu Linaitwa Baba

Ndugu Meneja Mkuu wa Kiwanda cha Mablanketi,

Mwalimu aliyetufundisha kuandika barua alisema barua ya heshima huwa na anwani mbili, ya mwandishi na ya mwandikiwa. Nyumba yetu haina anwani, kwa hiyo nakuelekeza. Simama kwenye dirisha la ofisi yako. Tazama bomba jeupe linalotoka kwenye paa la chumba cha boila. Mdomo wa bomba hilo umeelekea dirisha lenye pazia la njano, ng'ambo ya ukuta wenu. Hapo ndipo tunapokaa. Ukiona mkono mdogo unapunga, usihangaike kujibu, haukupungii wewe. Habari za mkono huo zinakuja huko mbele.

Yahusu: Bomba la mvuke kuchukua nafasi ya mume wangu

Nakusalimu kwanza, maana shida isiyotanguliwa na salamu ni shari. Mimi ni mke wa fundi wenu wa boila wa mchana, yule mrefu. Wenzake wanamwita Geji, kwa sababu hata akiwa anakula, kila baada ya matonge matatu hugeuza shingo kama anayeangalia mshale wa geji ya presha. Tuna mtoto mmoja wa kiume, ana mwaka na miezi miwili, tunamwita Chiriku ingawa mpaka leo anajua neno moja tu. Ni neno hilo moja lililonishikisha kalamu.

Siandiki kwa hasira. Hasira niliimaliza mwaka jana. Naandika kwa matumaini, na malalamiko nimeyapa namba ili usipotee njiani.

1. Usingizi. Mablanketi yenu yana lebo yenye picha ya mtoto aliyefumba macho, na chini yake maneno "Lala Unono". Mwanangu anajifunika blanketi hilo tangu azaliwe. Baba yake alipewa moja lililokosea rangi pembeni, na ni zuri, halichubui, sina neno nalo. Lakini mnapotia rangi mablanketi mengine huko kwenu, ndipo aliyejifunika hili huku kwetu anaporuka kama samaki. Mvuke mnaufungulia mara tatu kwa siku: saa nne yakimwagwa mapipa ya rangi, saa saba mashine zikisimama watu wakale, na saa kumi zamu ikiisha. Mume wangu amenieleza sababu, na nimeikubali. Boila haina habari kwamba watu wamekwenda kula, yenyewe inaendelea kuchemka. Presha ikipanda lazima afungue vali mvuke upumue, la sivyo, anasema, tutaonana mbinguni na paa litakuwa limetutangulia. Basi upumue. Ila kila ukipumua, mtoto aliyelala dakika kumi anakuwa amelala vya kutosha mpaka kesho. Kama hapatapatikana njia, nashauri yule mtoto wa kwenye lebo achorwe macho wazi, ili mnunuzi asiseme amedanganywa.

2. Mazungumzo. Mvuke ukianza, mtaani kwetu hakuna anayeshindana nao. Kila mtu hunyamaza pale pale alipofika na kunyoosha kidole juu. Maana yake ni hii: neno langu halijaisha, nisubiri. Mvuke ukikatika, kidole kinashuka na neno linaendelea. Mgeni akitukuta anadhani mtaa mzima tumemwona ndege. Fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta mmoja, alimposa mkewe saa saba mchana. Alimwambia "Nataka", akanyoosha kidole, na binti wa watu akakaa dakika mbili nzima hajui kama anatakiwa yeye au unatakiwa mkasi alioushika. Mama mmoja muuza nyanya wa mtaani kwetu ana ugomvi na fundi huyo huyo, unaingia mwaka wa pili sasa, kwa kuwa kila akikaribia kulitoa lile tusi lenyewe, saa kumi inafika. Sikutaka kukuchosha na mambo ya vidole, lakini bila hayo namba tatu hutaielewa.

3. Mkutano. Ulituita wakazi kwenye bwalo lenu la chakula kujadili kelele, na nashukuru kwa soda. Ulisimama kuuliza swali lako saa saba kamili. Nilikuja kulisoma baadaye kwenye muhtasari uliobandikwa getini: "Wanaoona kwamba sauti ya mvuke inavumilika, wanyooshe mikono." Ndugu Meneja, sisi tulisikia "Wanaoona" tu, kisha mvuke ukafunguliwa. Kila mmoja wetu alikuwa katikati ya kumnong'oneza mwenzake. Tukanyamaza na kunyoosha vidole, kama tulivyolelewa. Katibu wako akapita katikati yetu na kalamu akihesabu, mimi nikadhani anahesabu soda.

Muhtasari unasema wakazi arobaini na nane wameafiki kwa kauli moja. Kauli hiyo moja sijui ilikuwa ya nani, maana hakuna aliyesikia hata kauli yake mwenyewe. Na tulioingia bwaloni tulikuwa arobaini na saba. Wa arobaini na nane alikuwa mgongoni kwangu, wakati huo ametimiza mwaka mmoja kasoro wiki, naye hunyoosha kidole kwa kutuiga wakubwa. Siombi kura yake ifutwe, ni haki yake. Nasema tu kwamba alikuwa amelowa nepi na hakuwa katika hali ya kuamua mambo ya kiwanda.

4. Mtaalamu. Baada ya mkutano mlituletea kijana wa kupima kelele. Kijana mzuri, mwenye adabu, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alikuja na chombo cha miguu mitatu chenye sifongo kichwani, akakisimamisha mbele ya dirisha letu. Ila alikuja Jumapili. Jumapili boila huzimwa ikasafishwa tumbo, kila mtu hapa anajua, hata kuku wanajua, siku hiyo hutaga kwa utulivu. Nilimweleza. Akanijibu kwa upole kwamba ratiba yake imesema Jumapili, na kwamba chombo hupenda mazingira tulivu. Alipima kuanzia asubuhi mpaka mchana. Sauti kubwa kuliko zote aliyoinasa ni ya Chiriku akililia ile sifongo. Kwa hiyo ripoti imeandika kwamba chanzo kikuu cha kelele katika eneo la kiwanda ni makazi, na kwamba wakazi wapewe elimu. Wiki mbili baadaye elimu ikapita nyumba kwa nyumba, karatasi moja kila mlango, ikituomba tupunguze sauti zetu kwa ajili ya majirani. Jirani mwenyewe ni ninyi. Nimeihifadhi.

5. Mtungi wa kunyamazisha. Nilimuuliza mume wangu kama kuna dawa ya jambo hili, akanifundisha kwa birika. Maji yakichemka na mvuke ukatokea mdomo mwembamba, birika hupiga mluzi. Ondoa kifuniko, mvuke ni ule ule lakini unatoka kimya. Akasema mvuke haupigi yowe kwa sababu una nguvu, unapiga yowe kwa sababu umebanwa muda mrefu halafu ukaachiliwa ghafla kwenye tundu moja. Ukiupitisha kwanza kwenye matundu madogo mengi, kisha ndani ya mtungi mpana uliozungushiwa pamba isiyoungua, unatoka umechoka. Nililipenda neno hilo. Unatoka umechoka, kama mtu anayerudi kutoka kazini.

Kisha akaniambia mtungi wenyewe mnao. Mliununua. Uko nyuma ya stoo chini ya turubai, huu ni mwezi wa tatu sasa, na walinzi wanaukalia wakinywa chai. Alipomuuliza msimamizi wake kwa nini haufungwi, aliambiwa kwamba ripoti imesema kelele hazipo, na kukinyamazisha kitu ambacho hakipo ni matumizi mabaya ya vifaa. Mtungi ukifungwa leo, watu watauliza jana ulikuwa wapi. Kwa hiyo uko pale pale. Kuku wa mlinzi ametotoa humo vifaranga saba, na kusema haki, ukiwa nje huwasikii hata kidogo.

6. Sauti ya mume wangu. Hili naliandika kwa haya kidogo. Geji hakuwa mtu wa makelele. Aliponiambia ananipenda aliongea kwa sauti ndogo hata nikamwomba arudie, na si kwamba sikusikia. Ana miaka minne sasa kwenye chumba cha boila. Vifuniko vya masikio mlileta jozi moja, inazunguka zamu zote, na anayeipata huipata bado ina joto la mwenzake. Siku hizi mume wangu akiomba chumvi, mtaa wote unajua kwangu mboga imepooza. Juzi aliniambia nimependeza, na fundi cherehani akajibu kutoka ng'ambo ya ukuta kwamba ni kweli. Yeye mwenyewe anadhani ananong'ona. Sina moyo wa kumwambia. Lakini mtoto akisikia sauti hiyo anaingia chini ya blanketi la Lala Unono, anabaki amechungulia kwa jicho moja.

7. Sasa nafika panapouma, na kosa la kwanza nakiri ni langu. Chiriku alipokuwa mchanga, mvuke ukifunguliwa alikuwa analia mpaka anaishiwa pumzi. Kunyamazisha bomba sikuweza, nikaona nimnyamazishe yeye. Nikawa nambeba mpaka dirishani, namwonyesha lile wingu jeupe linapanda, namwambia, "Usiogope mwanangu, ni baba huyo. Baba huyo!" Nilimaanisha ni baba yako anafungua vali. Mtoto wa miezi mitano nitamweleza vipi mambo ya vali? Kikawa kibembelezo chetu. Saa nne baba huyo, saa saba baba huyo, saa kumi baba huyo. Akaacha kulia. Akaanza kucheka. Nikajiona mama hodari.

Mwezi uliopita, saa nne asubuhi, alisimama mwenyewe kwa kushika ukingo wa dirisha, mvuke ukafunguliwa, akanyoosha kidole, akangoja umalize, akasema "Baba". Kwa bomba. Nililia kwa furaha kabla sijaelewa.

Jumapili iliyofuata Geji alikuwa nyumbani. Nilikuwa nimemwambia mtoto ameanza kuita baba, akanunua shati. Akachuchumaa mbele yake na kumwambia, "Niite. Sema baba." Mtoto akamtazama, kisha akageuka dirishani kutazama kama huyo anayeulizwa yupo. Mume wangu akacheka. Kisha akatoka nje kutengeneza banda la kuku, na banda letu halikuwa limeharibika.

Umeelewa, Ndugu Meneja? Anaondoka alfajiri mtoto amelala, anarudi jioni mtoto amechoka, na akifungua mdomo mtoto anakimbia. Bomba lenu halikosi. Linatokea mara tatu kwa siku, saa zile zile, jeupe, refu, halijawahi kumkemea. Hata ningekuwa mimi ningelichagua.

8. Yanayofuata kutokana na hiyo namba saba. Nimeyawaza nikifua nepi, na sioni pa kuyakwepa. Kama bomba ni baba wa mtoto, na mtoto ndiye shahidi, basi bomba lina wajibu. Baba hupeleka mtoto kliniki walau mara moja, nami sijaliona kwenye foleni. Baba huulizwa jina la ukoo, na muuguzi aliponiuliza nilibaki nimenyoosha kidole. Zaidi ya hayo, bomba haliishi peke yake, lina mkubwa wake anayelilisha na kulipaka rangi kila mwaka. Huyo ni wewe. Kwa hiyo, Ndugu Meneja, ukiacha mambo yaendelee hivi, wewe ni babu wa Chiriku, nami ni mkaza mwana wako, na kwa kweli sipaswi hata kukutazama usoni, seuze kukuandikia malalamiko. Babu kwa mjukuu ni watani, tutamleta ofisini avute tai yako, ni haki yake. Mimi nikija nitakupigia goti, nawe utanilinda na wifi zangu, ambao nadhani ni yale mabomba mawili madogo ya nyuma, yanayovuja.

Ukiona undugu huo ni mzito, ninalo ombi jepesi zaidi. Funga ule mtungi. Mume wangu anasema wakipanda watu wanne na winchi, kazi inaisha kati ya chai na chakula cha mchana. Kura zetu arobaini na nane utuhesabie upya, saa mbili asubuhi, wakati tunasikia swali. Vifuniko vya masikio kila mmoja apewe vyake. Nataka mvuke utoke umechoka, mume wangu arudi hajachoka sana, na sauti yake ndogo irudi, ile niliyoiomba mara mbili. Nataka mtoto aisikie hiyo, ajue baba ni huyu mwenye shati jipya. Sidhani kama nimeomba nishushiwe mwezi wa angani.

Nakutakia kazi njema na usingizi wa kwenye lebo. Nisalimie katibu anayehesabu vidole, msimamizi anayetunza turubai, na walinzi wote na mifugo yao. Kijana wa sifongo mwambie Chiriku anamkumbuka. Mkeo na watoto wako nao nawasalimu, na kama wanakuita baba wewe mwenyewe, uso kwa uso, mshukuru Mungu.

Ni mimi, mkazi wako mtiifu ukifunga mtungi, au mkaza mwana wako usipofunga,

Mama Chiriku
wa pazia la njano

Nyongeza, wiki tatu baadaye.

Ndugu Meneja, barua hii ilichelewa kwa kukosa bahasha, na sasa mambo yamegeuka. Mtungi mmeufunga! Nasikia wamekuja wanunuzi wa mablanketi, wakauliza ni nini kinachopiga yowe vile, na kabla hawajamaliza soda, kuku na vifaranga wake walikuwa wamehamishwa. Nashukuru. Saa nne ilipofika mvuke ulitoka na pumzi tu, kama mzee anayekaa kwenye kiti. Mtaa mzima tulikuwa tumenyoosha vidole kwa mazoea, tukabaki vile vile tukitazamana, hakuna ajuaye ashushe lini.

Chiriku hakuinua kichwa. Alikuwa anacheza na kifuniko cha sufuria, wingu likapanda na kupotea, hakuliona. Saa saba hivyo hivyo, saa kumi hivyo hivyo. Siku hiyo hakusema "Baba" hata mara moja, na ya pili yake pia. Nikajiona nimemfanya mwanangu yatima kwa ombi langu mwenyewe, na barua yenyewe sijaituma.

Nilimweleza Geji. Siku ya tatu alirudi jua halijazama, akaweka mfuko chini, akasimama mlangoni, akakusanya midomo na kufanya "Fyuuuuuu", kwa nguvu zake zote, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mtoto akageuka. Akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, kama mtu anayelinganisha vitambaa viwili. Akanyoosha kidole, akangoja amalize, kwa adabu. Kisha akasema, "Baba."

Akamwambia yeye, Ndugu Meneja. Hakutazama dirishani.

Tangu hapo mume wangu anapiga fyuu akiamka, anapiga akirudi, na Jumapili anapiga kutwa, maana mtoto akinyoosha kidole tu lazima apigiwe. Na sauti yake ndogo haijarudi, inazidi kupanda, naye anasema hajawahi kusikia vizuri kama siku hizi.

Ubaya ni majirani. Muuza nyanya alifanikiwa kulitoa lile tusi mpaka mwisho, fundi cherehani akalijibu mpaka mwisho, wakaona halikuwa kubwa kiasi hicho, na sasa ni marafiki. Wamekaa pamoja wakaandika barua kwamba kelele za nyumba yangu hazivumiliki na kwamba Geji afungwe mtungi. Wameita mkutano, wakauliza swali likasikika vizuri, na mikono ikahesabiwa arobaini na tano. Tuliobaki chini ni watatu.

Kwa hiyo namba moja mpaka nane naomba uzisome kama mambo ya zamani, na lile la karatasi ya elimu nalifuta kabisa. Ninalo ombi moja tu jipya. Niazime yule kijana wako wa kupima kelele. Nitamwekea chai, na sifongo haitaguswa. Ila tafadhali sana Jumapili asije, Jumapili baba yupo. Aje Jumatano, saa nne.